Lutuku Yenye Munungwe Alisema Atamwanga

Ba papa, ba mama, ba ndugu, mbele ya kuanza niseme wazi: hii habari inanionyesha miye kama mupumbavu. Basi mucheke sasa, mumalize, sababu kule katikati nafasi ya kucheka haiko. Ule papa wa nyuma ameisha kuanza. Muzuri, papa, endelea.

Jina ya muntu sitasema. Njo sheria yetu humu mu mukutano ya balevi. Mwenye kujua, ajue na kinywa imefungwa.

Miye nilikuwaka mulevi. Hapana wa bia, bia ilikuwa ya ba karani. Miye nilikuwa wa lutuku, ile pombe kali ba mama banapika mu pipa nyuma ya nyumba, ukiisogeza ku moto inawaka rangi ya bleu. Ku masomo nilifika primaire tu, mais ku lutuku nilifika université. Nilikuwa nachekesha bantu mu ba bar ya Kamalondo, nao bananipa kopo. Ndugu zangu, nawaambia, muntu anaweza kufwa pole pole na bantu banamupigia makofi.

Siku moja nililala mu mufereji, mvua inanyesha. Mama yangu akapita, anatoka ku soko. Aliniona. Akainua kikwembe yake kiloko, akaniruka, vile banarukaka imbwa ya jirani, akaendelea na njia. Hakusema kintu. Kama angenitukana, ningelala tena. Mais ile ya kunyamaza ilinipeleka ku disipanseri.

Sasa musikie vile kazi ilikuwa. Kusaidia balevi kulikuwa na milango tatu. Ku disipanseri kulikuwa masère, mutawa mwenye anapiga sindano na kutoa dawa ya kutetemeka. Ku komine, ofisi ya serikali ya mutaa, kulikuwa bwana wa santre sosiale, anatoa uji na kazi ya kufyatua matofali. Na hapa ku parokia kulikuwa mukutano ya kila alhamisi. Mais hii milango haikujuana! Mulevi anakamata dawa asubui, uji mu midi, lutuku mangaribi, na alhamisi anasimama hapa, machozi inatoka: "Mungu amenisaidia!" Najua vizuri, juu miye nilifanya vile.

Kisha vita ikakuya mu muji. Ba barage, vizuizi ya baaskari, kila njia, leo baaskari ya hapa, kesho ba kofia ya bleu ya ONU. Masère hawezi kupita, bwana wa santre anaogopa. Mais miye nilikuwa napita. Askari ananielekeza bunduki:

"Weye! Mu kitunga kuna nini?"

"Chef, ni dawa ya kuhara. Unataka kuonja?"

"Pita, mushenzi!"

Napita. Masère akaona. Akasema: "Weye mwenye kinywa, kuanza leo utaniunganishia hii milango. Weye njo koordinatère." Ile neno ilinipendeza sana. Nikaambia mama yangu ku nyumba. Akauliza kama inalikaka na bukari ao na mukate.

Basi nikaanza. Nani amekunywa dawa, nani hakufika ku matofali, nani wa kumutembelea, bote nilikuwa nabeba mu kichwa, toka mulango moja mpaka ku ingine. Na ile kazi ilinikausha miye wa kwanza, juu koordinatère akinuka lutuku, masère anamusikia mbele ya kufika ku kona.

Mais kulikuwa tatizo. Mulevi ukimuambia "papa, wacha," anakasirika. Bibi yake anaogopa, batoto bako na heshima. Nani ataingia mu nyumba kumunyanganya lutuku? Njo hapa akili yangu ilinipita mbio. Nikasema: masère, shiye tuko na banungwe! Munungwe wako ni ule wa kabila yenye mababu yenu balipiganaka zamani kisha bakapatana. Anaweza kuingia kwako, kukamata kuku yako, kukutukana mbele ya bakwe zako, na weye paka kucheka tu. Kukasirikia munungwe ni haya kubwa. Basi kila mulevi tumupe munungwe yake! Akute lutuku, akamate, amutukane vizuri, mulevi acheke, mambo yaishe.

Masère alicheka mpaka kofia yake ikakuwa upande. Na ilienda, ndugu zangu! Bantu bakaanza kukauka. Papa moja, fundi wa nguo hapa Kamalondo, mikono yake ilikuwa inatetemeka mpaka sindano inamuchoma yeye mbele ya kuchoma nguo. Akakaa kavu. Akashona tena ba uniforme ya batoto ya masomo. Bibi yake, mama wa Kasai, alikuwa ananiletea ndizi.

Munungwe yangu miye alikuwa rafiki yangu toka utoto. Tulikulaka mu sahani moja. Alikuwa munungwe ya papa fundi pia, na ya wengi, juu kabila yake na yetu ni vile. Yeye njo alipata akili ya pili. Akaniambia: "Munungwe, lutuku tusimwange mu parsele, mu kiwanja ya mulevi. Harufu itabakia ku udongo, atalamba chini. Miye nilichimba shimo kwangu. Weye unapitaka ku barage, niletee."

Musiniangalie vile. Najua.

Nikabeba. Ba bidoni ya lutuku chini ya bandeji ya masère. Askari ananusa: "Inanuka nini?" Najibu: "Chef, ni miguu yangu, tangu vita sikuvua kiatu." Napita. Nafika kwake, ananionyesha shimo, kweli iko, inanuka. Anasema: "Weka pale, nitamwanga. Weye enda, usijaribiwe." Alikuwa ananilinda! Nilirudi njiani naomba Mungu abariki ule rafiki.

Papa, njo sasa tusicheke.

Asubui moja bananiita mbio. Papa fundi iko chini nyuma ya bar, anatapika, anapapasa ukuta. "Nani alizima jua?" anauliza. "Nani alizima jua?" Na jua ilikuwa inachoma. Pembeni yake kulikuwa bidoni, kinywa imefungwa na kitambaa ya uniforme. Ile kitambaa bibi yake alifunga mwenyewe, siku tulimunyanganya ile lutuku. Miye nilibeba ile bidoni. Mu mikono hii.

Ule rafiki alimuuzishia papa fundi lutuku yake mwenyewe! Bia ilikuwa haifike tena mu muji juu ya vita, lutuku ilikuwa inatafutwa kama chumvi. Na juu iongezeke, alichanganya na alkoli ya kuwasha taa, ile inapofushaka macho. Mu shimo alikuwa anamwanga kopo moja moja tu, juu inuke.

Nikaenda kwake. Nilimukuta amekaa ku kiti, iko anatafuna karanga, bantu ya parsele banamuzunguka.

"Munungwe," akasema, "naona uso imevimba. Unanikasirikia?"

"Papa fundi haoni!"

"Nani alisema mbele ya masère munungwe hakatazwe kintu? Weye. Basi nilikamata bintu ya banungwe."

"Macho yake, ndugu! Macho!"

"Na macho pia nilikamata." Akacheka.

Na bantu bote bakacheka. Bantu bazuri, majirani. Balifikiri ni bunungwe, na ku bunungwe banachekaka. Nawaambia, nilisimama pale, mukono imekunjwa, na sikuweza kumupiga. Ningemupiga, miye njo ningekuwa na haya. Aliniibia mpaka hasira yangu.

Ku komine bakasema: hii kazi ifungwe, koordinatère njo alipitisha lutuku mu njia ya dawa. Hakuna aliyenitetea. Kesho yake asubui nikapata kopo. Sitasema wapi. Nikakaa nyuma ya ukuta ya disipanseri, kopo ku magoti. Nilikuwa sijaonja.

Njo akakuya bibi ya papa fundi. Mu ile siku mama wa Kasai alikuwa hatembeye ovyo, juu mu ile vita bantu ya Kasai balikuwa banafukuzwa, bengine balikuwa banajificha mu nyumba. Yeye alitembea.

"Leta," akasema.

"Mama, weye hapana munungwe yangu. Hauna haki."

"Kweli. Miye hapana munungwe. Kwa hiyo sicheke."

Akanyanganya, akamwanga chini mbele ya miguu yangu, mpaka tone ya mwisho.

"Bwana yangu anauliza kila asubui koordinatère iko wapi. Nimujibu nini? Amekaa ku ukuta, anakunywa juu yako? Simama! Unikasirikie kama unataka. Nikasirikie na nguvu!"

Nikamukasirikia, ndugu zangu. Nilipiga kelele pale kama muntu anachomwa, nikamutukana, nikalia, na yeye alisimama paka pale. Kelele ikaisha. Kisha nikafwata yeye, nikaingia ku milango yote tatu, nikasema vile nimewaambia leo, bila mzaha. Masère akaniombea ku komine. Kazi haikufungwa.

Leo lutuku inamwangwa pale pale, mbele ya macho ya mwenyewe, na lazima muntu moja mwenye hapana munungwe asimame ushahidi. Harufu ibakie ku udongo, tutavumilia. Ule rafiki iko paka hapa Kamalondo. Ananisalimia ku njia: "Munungwe!" Sijibu tena. Bantu banasema sijui tena kucheka na banungwe. Basi iwe vile.

Namushukuru masère. Namushukuru bwana wa santre, alinirudishia kazi ku matofali siku wengine balinigeuzia mugongo. Namushukuru mama, anajijua. Na nyinyi ba ndugu, kama muntu anakuumiza kisha anakuambia ni muchezo, musicheke juu ya kumufurahisha. Mutafute mwenye atasikia kelele yenu mbele ya kutafuta kopo.

Papa fundi anaona kiloko sasa, muntu anamuonaka kama kivuli. Nilienda kwake, nikamuambia yote, na nikamuambia vile ile hasira haijanitoka mpaka leo, hapana usiku tu, hapana muchana tu, ni saa yote. Akapapasa meza mpaka akapata sahani, akanisukumia.

"Kasirika, mutoto yangu," akasema, "hata miye ningali. Mais kula kwanza. Hasira ku tumbo tupu njo inatafutaka lutuku."