Shangazi Gundi na Karatasi ya Mita Nne

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, Shangazi Gundi atasukuma droo ya meza yake, atanung'unika kwamba droo hiyo haijawahi kufunga vizuri tangu inunuliwe, kisha atatoka nje ya jengo hili akiwa mstaafu. Amelitumikia gazeti letu miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Wahariri wakuu sita wamekuja na kuondoka yeye akiwa pale pale, na wote sita aliwafundisha kuzima taa za choo. Mwenye jarida hili la wafanyakazi ameniomba niandike wasifu wake kwa heshima na kwa ufupi. Kwa heshima nitajitahidi. Kwa ufupi, jamani, msinitegemee: humu ndani naitwa Kasuku, na jina hilo sikulipata kwa kukaa kimya.

Alikuja akiwa na miaka ishirini na sita, mwembamba kama sindano, kwa maneno yake mwenyewe, na picha zipo, amesema kweli. Siku hizo ukurasa wa gazeti uliundwa kwa mikono. Habari zilichapwa kwenye vipande vya karatasi, vipande vikabandikwa juu ya karatasi kubwa, halafu karatasi hiyo ikapigwa picha na kupelekwa mtamboni. Kazi yake ilikuwa kubandika matangazo ya biashara. Gundi ilimganda vidoleni, ikamganda kwenye nywele na kwenye mkoba, na siku moja ikafika mpaka kwenye kiti cha mkurugenzi, ambaye alisimama kuwapokea wageni na kiti nacho kikasimama. Jina lake la utani lilizaliwa hapo hapo, mbele ya wageni.

Wazee wa mtamboni bado wanacheka habari ya godoro. Mwaka wake wa pili alibandika tangazo la kiwanda cha magodoro miguu juu kichwa chini, gazeti likatoka hivyo hivyo, na asubuhi mwenye kiwanda akaja mbio akiwa amekunja mikono ya shati. Watu wakajua leo ni leo. Kumbe alikuja kuuliza kama wiki inayofuata anaweza kuwekwa tena hivyo hivyo, maana tangu afungue kiwanda hajawahi kuona wateja wengi vile, wote wamekuja kumwambia kwamba tangazo lake limepinduka.

La jeneza halikuchekesha sana, ingawa mimi huwa nacheka. Alibandika tangazo la fundi wa majeneza chini kabisa ya picha ya maharusi waliokuwa wanapongezwa na ukoo mzima. Baba wa bibi harusi alifika ofisini na nusu ya ukoo huo. Shangazi hakumsingizia mtu. Alijitokeza mapokezi, akasema ni yeye, akapokea maneno yote aliyoletewa, na kuanzia siku hiyo akajitungia sheria yake: tangazo lina majirani, na kabla ukurasa haujatoka lazima kila jirani asomwe. Akaongeza jambo la pili. Kila mteja alikuwa anapelekewa ukurasa mzima ambamo tangazo lake limetokea, asubuhi ile ile, ili aone kwa macho yake alikowekwa na nani yuko karibu naye.

Basi, zama zikageuka. Gazeti likahamia mtandaoni, matangazo yakawa yanajiweka yenyewe kwa kompyuta, na sisi vijana tukadhani gundi imekwisha kazi. Wapi! Shangazi alijifunza kompyuta kwa wiki tatu, akaielewa kuliko baadhi yetu, kisha akaiamuru imchapie kurasa za mtandaoni kuanzia juu hadi chini, pamoja na maoni yote ya wasomaji. Karatasi zikitoka aliziunganisha kwa gundi, moja chini ya nyingine, akazikunja vizuri na kumpa tarishi wetu azizungushe kwa wateja kwa baiskeli. Tulimcheka mpaka tukashika mbavu. Mimi nilimwigiza kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka, nikiwa nimejizungushia karatasi ya chooni mwili mzima, na aliyecheka kuliko wote alikuwa yeye.

Sasa naingia mahali ambapo ningependa kuparuka, ila nikiparuka nitakuwa nimewaandikia wasifu wa mtu mwingine.

Miezi kumi na moja iliyopita nilikuwa na safu yangu mtandaoni, Tundu la Kasuku, ambamo nilikuwa nawachapa wakubwa kwa maneno. Wiki hiyo meya alifungua maktaba, na binti yake wa miaka kumi akapewa shairi la kukariri. Katikati ya shairi mtoto akasahau, akasimama, akalia mbele ya watu. Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu na mke, nikakaa nikaandika utani juu ya mtoto yule: kusahau kwake, meno yake, machozi yake. Wasomaji wakaja kwa maoni, na maoni yale yakaniacha nyuma kwa ubaya mara kumi. Loh, tulivyofurahi! Namba zilipanda siku nzima, mhariri mkuu akaagiza soda kwa chumba kizima, na mimi nikanywa mbili.

Kesho yake asubuhi karatasi ya Shangazi ilikuwa na kurasa kumi na nne. Mita nne, nimeipima mwenyewe baadaye. Tarishi akaizungusha kwa wateja wote kumi na wanne kama kawaida.

Mwenye kiwanda cha sabuni aliitandaza mezani kwake, ikamaliza meza, ikashuka sakafuni. Aliisoma yote. Tangazo lake, sabuni ya watoto, mtoto mchanga anacheka ndani ya beseni, lilikuwa limekaa kati ya maoni mawili juu ya binti yule ambayo siwezi kuyarudia hapa wala popote. Saa nne alipiga simu kwamba tumwondoe. Saa tano akapiga wa sare za shule. Baada ya chakula cha mchana bima, kisha duka la vitabu, na hata mzee wa magodoro, ambaye alishawahi kupinduliwa akafurahi, akasema hapana, safari hii hapana. Kufikia Alhamisi wateja kumi na mmoja walikuwa wameondoka, na chumba kilichokunywa soda kikaanza kuhesabu hasara.

Wiki iliyofuata kikaitwa kikao. Mhariri mkuu, ambaye ni mtu mwema siku ambazo haogopi, alisema dawati la matangazo litafungwa mwisho wa mwezi kama wateja hawarudi, na karani wake ataenda nyumbani. Karani ni Shangazi. Kwa mkataba wa zamani aliousaini ujanani, anayeondoka kabla ya siku yake ya kustaafu anaondoka bila kiinua mgongo. Alikuwa amebakiza miezi kumi na moja. Na sote tulijua kiinua mgongo kile kina kazi, kwa sababu msingi wa vyumba vyake viwili vya kupangisha ulikuwa umeshachimbwa na alikuwa ametuonyesha picha zake, kila upande, hata mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Njia ya kutoka ilikuwepo, na mhariri mkuu akaitaja kwa sauti laini. Shangazi aandike barua fupi kwa wateja aseme alichanganya karatasi, kwamba yale maoni yalikuwa ya tovuti nyingine, akayagandisha kwetu kwa bahati mbaya. Nani asingeamini? Mji mzima unajua habari ya godoro na ya jeneza. Barua moja tu, na dawati lingebaki, kiinua mgongo kingebaki, na mimi ningebaki na safu yangu.

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa. Alisema godoro lilikuwa kosa lake na alilibeba, jeneza lilikuwa kosa lake na alilibeba, lakini hili lina mwenyewe, na mwenyewe yuko pale karibu na dirisha anatafuna karanga. Nikaacha kutafuna. Jamani, sijawahi kushika karanga nzito kama zile.

Kikao kilipoisha alikuja mezani kwangu na nakala yake, akaitandaza sakafuni kutoka mlangoni hadi kwenye friji, akavuta kiti na kuniambia nisome kwa sauti, yeye anasikiliza. Nikadhani rahisi, kwani maneno mengine si yangu mwenyewe? Nikaanza kwa mbwembwe. Dada wa mapokezi akasimama mlangoni, dereva akaja nyuma yake. Nilipofika karatasi ya tatu mbwembwe zilikwisha. Karatasi ya tano nikamwomba niishie hapo, naye akasema kwa upole kwamba zimebaki tisa. Nilizisoma zote tisa. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nizaliwe, na niliiona nikiwa nimepiga magoti, kwa sababu maandishi yalikuwa chini.

Niliandika kuomba radhi siku hiyo hiyo, na hapo ndipo nilipoujua mkasi wake. Nilianza kwa kusema kama kuna aliyekwazika, akakata. Nikasema ulikuwa utani tu, akakata. Nikaeleza historia ndefu ya uhuru wa maoni, aya nne, kazi nzuri sana kwa kweli; akazikata zote akazitia kwenye pipa, akaniuliza kama nina njaa. Mara ya saba ilibaki mistari mitatu: nimefanya nini, nimemfanyia nani, na kwamba sikuwa na haki. Ikawekwa juu kabisa ya tovuti kwa siku saba. Na tukapata kanuni ambayo mpaka leo imebandikwa ukutani, kwa gundi ya nani mnajua: mtoto wa mkubwa ni mtoto, hatumgusi, na maoni yanayomgusa hayapiti.

Kabla ombi hilo la radhi halijawekwa alinipeleka nyumbani kwa meya kwa miguu. Mke wa meya alitupokea getini, hakutukaribisha ndani, na hakuwa na sababu ya kutukaribisha. Aliisoma ile mistari mitatu akiwa amesimama. Akatuambia binti yake hajaenda shule kwa siku tisa. Akasema ni mtoto msahaulifu, anasahau soksi, anasahau mashairi, lakini yale aliyoandikiwa hajasahau hata neno. Kisha akafunga geti taratibu. Hakusema amenisamehe, nami sitaandika kwamba alisema. Njiani Shangazi hakunitolea methali hata moja, na alikuwa nazo nyingi za kunifaa. Alininunulia maji tu.

Kwa wateja hakuandika barua ya kubembeleza. Kila asubuhi aliendelea kuwapelekea karatasi wale wote kumi na mmoja, ingawa hawakuwa na tangazo humo: hii hapa nyumba yetu, juu hadi chini, tazameni wenyewe. Tarishi alikanyaga baiskeli bila kuuliza. Zikabaki siku nne mwezi uishe, mtu wa sabuni akarudi. Kesho yake sare za shule, kisha magodoro. Walirudi saba. Wanne hawajarudi mpaka leo, na mtu akiwalaumu mbele ya Shangazi atajuta. Saba walitosha. Dawati halikufungwa, vyumba viwili vimeezekwa, na mpangaji wa kwanza ni fundi cherehani ambaye Shangazi anasema anapiga kelele kuliko mtambo wetu wa zamani, lakini analipa.

Wiki iliyopita alinikabidhi kazi yake. Ndiyo, mimi. Mhariri mkuu alimuuliza nani atasoma majirani wa matangazo yeye akiondoka, akanyoosha kidole dirishani. Watu wakacheka hadi wakalia, nami pia.

Tukiwa tunapanga mafaili nikamuuliza swali ambalo, katika kikao kile kirefu, hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria. Siku zote tuliamini kwamba asubuhi ile alituma karatasi kwa mazoea tu, kama mkono unavyofunga mlango bila kuambiwa. Nikamuuliza kama aliisoma kabla ya kuituma.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa ananawa. Aliisoma yote, akairudia. Akapika chai, akakaa nayo mpaka ikapoa, akihesabu miezi yake kumi na moja kwa vidole, na vidole havikutosha. Alijua nani angeondoka na dawati gani lingeyumba. Kisha akamwita tarishi, akampa karatasi, akamwambia aanzie kiwanda cha sabuni, kwa sababu yule bwana husoma mpaka chini.

Shangazi, asante. Hilo sikulijua kwa miezi kumi na moja, na sasa wenzetu wote wanalijua. Nenda ukalale mpaka jua liingie chumbani, ukagombane na fundi cherehani kwa nafasi, ukale vizuri, wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Sisi wote wa gazeti hili tunakuombea siku nyingi na njema, na yule aliyekuwa karibu na dirisha anakuombea kuliko wote.