Karatasi ya Pumzi Niliyoitia Fremu

Asifiwe Bwana aliyeniachia pumzi ya kusimama mbele yenu, ndugu zangu!

Mnanijua. Nilitoka kijijini Mwamanyili na begi la kushonwa, nikarudi na diploma ya biashara. Watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, mimi nilikuwa wa kwanza hapa Bariadi kuweka mizani. Hakuna mjomba aliyenibeba!

Kisha vidole vikaanza kuwa vyeupe kila asubuhi ya baridi. Ngozi ya mikono na uso ikakakamaa kama ya ngoma. Nikaenda hospitali Mwanza. Daktari akasema ugonjwa huu hukakamaza ngozi, na polepole unaweza kukakamaza mapafu. Akanipulizisha kwenye mashine. "Bado ni mazuri," akasema, "lakini rudi baada ya miezi sita, tuone yanakwendaje."

Ndugu zangu, nilisikia nusu tu! Karatasi ya majibu aliyonipa nikaitia fremu, nikaitundika kando ya diploma. Mtihani niliofaulu niurudie wa nini? Ikapita misimu miwili ya pamba.

Pumzi ikapungua kidogo kidogo, nami nikalaumu vumbi. Siku moja kwenye mizani nikashindwa kumaliza kutaja uzito wa gunia. Mzee mmoja wa kijiji cha Mkula akasema, "Bwana Diploma, mbona unahema kama maksai wa jembe?" Wote wakacheka. Mama yangu, aliyekuwapo pale, hakucheka. Tulipofika nyumbani aliishusha ile fremu, akaniwekea mapajani.

"Soma kwa sauti, usipumzike katikati."

Sikufika mstari wa pili.

"Sasa hii karatasi ni ya nani, baba? Huyu ni mtu wa mwaka juzi."

Nililia! Nikamwambia Bwana, nimejivunia pumzi yako kama shamba langu. Nikarudi Mwanza. Nguvu ya mapafu ilikuwa imeshuka sana. Nikaanza dawa, na baada ya miezi sita nikapuliza tena: haijapanda, lakini haijashuka! Haleluya! Daktari mwenyewe alitabasamu.

Jumanne napanda basi kwenda kupuliza tena. Mnaona situlii. Tangu juzi nazunguka uani, nasoma Zaburi kwa sauti, nasikiliza ninakatikia wapi. Ukutani imebaki diploma peke yake, na hiyo siishushi!

Wewe uliyepimwa mara moja ukajipongeza, mtegemee Bwana, kisha urudi upimwe. Nami niombeeni Jumanne.