Fleti Tatu kwa Jina la Hambis

Padri Mihalis, majirani wa Kato Vrisi, na ninyi mliopanda mlima kutoka Limassol na joto lote hili, poleni na asanteni kwa kufika. Mimi ni Frosso, mtoto wa kwanza wa marehemu, na mama amenipa mimi kazi ya kusoma maisha ya baba, kazi ambayo mdogo wangu Savvas aliiomba na mama akamnyima, sababu mtaisikia. Nitakapokwama mnivumilie, maana si machozi tu yanayonikwamisha, nina aibu, na nimeona niseme mapema msije mkadhani ni uchovu.

Marehemu Loizos Hajisavva alizaliwa hapa kijijini tarehe 14 Septemba 1951, siku ya sikukuu ya Msalaba, akiwa mtoto wa nne wa mkulima wa zabibu, na alianza shule ya msingi ya hapa mwaka 1957, dawati moja na Hambis Kounnas mnayemjua wote, ambaye aliacha masomo akiwa na miaka kumi na miwili akashika jembe, wakati baba alishuka Limassol kwa shangazi yake, akamaliza sekondari Juni 1969, akaenda jeshini, akarudi 1971 amenenepa, jambo ambalo bibi alijivunia kuliko cheti.

Mwaka 1972 aliajiriwa kuwa karani wa wakili mmoja mjini, na Machi 1986 akafungua ofisi yake karibu na bandari, kazi yake kusajili makampuni ya wageni wasiopenda kujulikana, na ninyi wa Limassol mnaelewa ninachosema, maana nusu yenu mmeishi kwa kazi hiyo. Mgeni alileta mali yake, baba akatafuta jina la kuiwekea, la dereva, la dada wa usafi, la mpwa aliyekosa ajira, na aliyepewa ukurugenzi hakujua hata kampuni inauza nini. Sisi watoto tulisomeshwa na kazi hiyo, tukavaa viatu vizuri, hatukuuliza, na nyumbani neno la baba lilikuwa moja, “Msiniulize ya ofisini, kuleni.”

Alifunga ndoa na mama yetu Maroulla Jumapili ya tarehe 5 Oktoba 1975, katika kanisa hilihili, mama akiwa mkimbizi wa vita kutoka Morphou asiye hata na sanduku la nguo. Kwetu bwana harusi hachukui msimamizi mmoja, anachukua ukoo na robo ya kijiji, wote wanaandika majina kwenye utepe mweupe, na tangu siku hiyo wanaitwa makumbaro, na kumbaro hamkatalii kumbaro mwenzake kitu. Kumbaro wa kwanza, aliyewabadilishia mataji ya harusi kichwani, alikuwa Hambis, ambaye alimuuza nyumbu wake apate suti. Mungu aliwajalia watoto wawili, mimi 1977 na Savvas 1980, na wajukuu watano.

Sasa nafika pale Savvas aliponiambia niruke.

Mwaka 2021 sheria ilianza kuuma, kwamba kila kampuni iandike kwa Msajili wa Makampuni mtu wa nyama na damu aliye mmiliki wa kweli, yule anayekula matunda yake, jina, kitambulisho na anwani, na ikiwa mambo yamebadilika ibadilishe haraka. Baba alizunguka sebuleni siku nzima akifoka, “Kesho watataka na soksi tuandike ni za nani!” Makampuni ya wageni aliyaandika kama yalivyo, aliogopa jela. Lakini ilikuwepo kampuni moja ndogo yenye fleti tatu pale ufukweni, iliyokuwa yake mwenyewe, alikuwa ameificha isilipiwe kodi kwa miaka mingi, na hiyo hakutaka kuiandika kwa jina lake.

Akapanda kijijini Jumamosi moja ya Aprili, akamkuta Hambis anapogoa mizabibu, akamwambia, “Kumbaro, hebu niwekee sahihi hapa, kijambo kidogo cha ofisi.” Hambis akamjibu, “Lete basi, ila kalamu yako nitaichafua.” Akasaini juu ya goti bila kusoma, kama alivyosaini utepe wa harusi, na kuanzia siku hiyo Hambis Kounnas, asiye na hata gari, akawa mwenye fleti tatu ufukweni.

Baba yangu aliyajua makaratasi miaka hamsini, lakini aliyajua ya zamani, yale ambayo ofisi moja haikuwa na habari na nyingine. Hakuwaza kwamba watu wa ustawi wa jamii nao watalifungua daftari la Msajili kwenye kompyuta, na Hambis alikuwa akipokea posho ya serikali kwa ajili ya mkewe Elengou, ambaye miguu yake haifanyi kazi, posho iliyomlipa dada wa Kinepali aliyekuwa akimwogesha na kumgeuza kitandani. Februari 2022 posho ikakatwa kwa sababu mwombaji ana mali, yule dada akaondoka huku analia, na Hambis, mzee wa miaka sabini, akaanza kumbeba mkewe peke yake.

Na sisi tukafanya nini? Mkahawani mlimpokea kwa vicheko, “Karibu tajiri, leo kahawa za wote ni juu yako!” na “Ufukweni kukoje, bwana mkubwa?” na waliokuwa wakimpelekea Elengou supu wakaacha, kwamba wenye fleti hawakosi supu. Hambis alidhani serikali imechanganya majina, na akaenda kwa nani kuomba msaada? Kwa msomi wake, kwa kumbaro wake. Baba akamkalisha ofisini, akamwagizia kahawa, akamwambia, “Niachie mimi, wale wajinga nitawaandikia barua.” Barua hiyo haikuandikwa. Hambis alimshukuru, akamletea na debe la zabibu, na sisi tulizila, jamani, tulizila.

Savvas, kaa chini. Nimesema kaa, sijamaliza, na mama ndiye aliyenituma.

Novemba 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Limassol na Nicosia, na wiki mbili zilizopita, akiwa na akili timamu, alitueleza haya yote mbele ya mama, akalia, akaomba aletewe karatasi za Msajili arekebishe. Savvas alisema tusubiri apate nguvu, na nguvu hazikuja, na baada ya hapo Savvas akasema mengine, kwamba Hambis hajui kitu, tumpe karatasi nyingine asaini, fleti zihamie kwetu kimya kimya na kodi isitukute. Mama alimtazama kama mtu asiyemjua. Baba alifariki Alhamisi tarehe 13 Juni 2024, saa tisa alasiri, na jina la Hambis bado liko pale pale.

Jana jioni nilikwenda kumwambia. Nilimkuta nje anaosha jembe, nikasema yote nikiwa nimesimama, naye akasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Frosso mwanangu, na kaburi la baba yako nimeshamaliza kulichimba. Si ungekuja asubuhi?” Ndani Elengou akaita, “Hambis, ni nani huyo? Mpe kahawa mtoto wa watu!” Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia tutamlipa, akatikisa kichwa, “Hela sitaki. Ulisome hilo kanisani, wote walionicheka wakiwa wamekaa. Nitasimama nje. Usipolisoma, naenda zangu nyumbani.”

Basi nimelisoma. Fleti zile hazikuwa za Hambis hata siku moja, zilikuwa za baba yangu Loizos, na Jumatatu mimi na mama tunakwenda kwa Msajili kuliondoa jina lisilohusika na kuandika yetu sisi warithi, pamoja na kodi yote inayotufuata, kisha tutakwenda ustawi wa jamii, na hatutoki pale mpaka Elengou arudishiwe mtu wa kumhudumia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa ofisini, Padri Mihalis, na majirani mliopika, ambao nawaomba kesho mpitishe sahani moja kwa Elengou.

Limebaki lile neno la kumtakia marehemu mapumziko ya amani. Nimelijaribu tangu jana na halinitoki, nadhani si langu. Mjomba Hambis, nakuona hapo mlangoni. Ukiweza kulisema, njoo uliseme wewe, na usipoweza hatutakulaumu, tutambeba baba bila hilo neno, ndivyo alivyojitakia.

Jamani mlioko nyuma, mpisheni apite.