Maombi Kumi na Tisa ya Msimamizi wa Ghorofa ya Pili

Dada yetu, ambaye nusu ya mliosimama hapa mlimwita Mkasi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mkunga. Alibatizwa tarehe 2 Aprili mwaka huohuo. Tarehe hii ya pili haikuwa kichwani mwa yeyote katika familia. Ilinibidi mimi, mdogo wake, kwenda kuitafuta, na safari hiyo fupi ndiyo iliyoufanya wasifu huu uwe mrefu kuliko ulivyokusudiwa.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1968 na kuimaliza mwaka 1974, akiwa wa tatu katika darasa la wanafunzi hamsini na mmoja. Mwalimu wake wa dini alisimulia hadi uzeeni siku alipowafundisha watoto kuwaombea wagonjwa wote duniani, na msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Wako wapi, mwalimu?"

"Kila mahali."

"Wanaumwa nini?"

"Mungu anawajua, mwanangu. Funga macho."

"Mungu anawajua, ila mimi siwajui. Sasa nitamwambia nini?"

Alitolewa nje. Huko nje akamwombea, kwa sauti, mbwa wa jirani aliyevunjika mguu wa nyuma wa kushoto.

Baba alifariki mwaka 1976. Tarehe 10 Januari 1978 dada aliingia kiwanda cha mashati, akaketi kwenye cherehani ya kola, na kwa kola hizo akanisomesha hadi chuo kikuu. Sentensi ndefu mnazozisikia leo ni kola zilizozinunua. Yeye mwenyewe hakupenda maneno marefu. Mtu akianza kuzunguka mbuyu, alimwambia, "Fupisha, uzi unakwisha," na ndipo jina la Mkasi lilipotoka. Mwaka 2003 alifanywa msimamizi wa ghorofa ya pili, juu ya wanawake arobaini na wawili. Aliwajua wote: cherehani ya kila mmoja na kilema chake, mwenye presha, mwenye mume wa kumnunia.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984 na fundi saa ambaye kibanda chake kilitazamana na geti la kiwanda. Shemeji yetu, anayenisikiliza sasa akiwa ameinamisha kichwa, anakumbuka kwamba dada alimpelekea saa, naye akaifungua, akaikagua, akaifunga.

"Dada, saa hii haina ugonjwa."

"Iangalie tena kesho."

Aliiangalia kwa miezi mitano. Wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 2005 kanisa lilimkabidhi Maombi ya Dunia. Wageni wataniwia radhi nikieleza: kila Jumapili, kabla ya mahubiri, mtu mmoja husimama na kuutaja msiba mmoja wa dunia, nasi tukauombea. Dada aliifanya kazi hiyo kwa miaka tisa kama alivyoshona kola. Wiki nzima alisikiliza redio na kukata vipande vya magazeti, na Jumapili hakutuambia tuwaombee "wanaoteseka". Alituambia ni meli gani iliyozama, ilibeba wangapi, na kwamba mpishi wake alikuwa na zamu ya mwisho kabla ya kustaafu. Alituambia ni shule gani iliyopigwa bomu, na somo lililokuwa likifundishwa saa hiyo. Tulilia. Wakati mwingine nilimwuliza nyumbani kama imani yake haitikisiki kwa kuzisoma habari hizo kila siku. Alijibu, "Inatikisika. Kwani ni jiwe?"

Aliyelia kuliko wote alikuwa mwenyekiti wa baraza la wazee. Alikaa safu ya mbele na leso nyeupe iliyopigwa pasi. Huyo ndiye pia mwenye kiwanda cha mashati.

Jumapili tarehe 25 Mei mwaka huu wa 2014, dada aliwaombea washonaji wa nchi ya mbali walioungua nyuma ya mlango uliofungwa na mwajiri wao. Tuliitikia amina hadi bati likavuma. Kisha, badala ya kuketi, akaendelea: "Na utukumbuke sisi wa kiwanda cha hapa, ghorofa ya pili, ambao mlango wetu wa nyuma una kufuli tangu mwezi wa kwanza."

Hapo amina haikusikika. Leso ilirudi mfukoni ikiwa kavu.

Baada ya ibada katibu wa baraza alimngoja kwenye ngazi. Nilikuwa nimemshika dada mkono.

"Mama, Maombi ya Dunia ni ya dunia."

"Kwani kiwanda kiko mbinguni?"

"Ungemwona mzee ofisini kwake, taratibu, kwa heshima."

"Nimemwona mara tatu. Ananiambia mlango ukiwa wazi mashati yanatoka yenyewe."

"Basi mwachie Mungu."

"Si ndiye niliyekuwa nikizungumza naye? Wewe ndiye uliyeingilia."

Nimewaza sana juu ya ukimya ule. Kwa miaka tisa tuliwalilia walio mbali kwa sababu machozi ya mbali hayamdai mtu kitu. Unafuta uso, unakwenda zako kunywa chai. Imani yetu ilikuwa na mikono mirefu ya kufika ng'ambo ya bahari, lakini ilishindwa kufika kwenye droo ya ofisi iliyo mitaa miwili kutoka madhabahuni, ulimokuwa ufunguo.

Tarehe 30 Mei baraza lilipitisha azimio. Kuanzia siku hiyo Maombi ya Dunia yataandikwa, yatawasilishwa ofisini kila Jumatano, yatagongwa mhuri wa kupokelewa, yatasomwa na kutiwa sahihi na mwenyekiti, na yakikubaliwa ndipo yatakapofika kwa Mungu. Walidhani mwanamke wa cherehani ataichoka kalamu. Dada aliwasilisha ombi lake la kwanza Jumatano tarehe 4 Juni na la kumi na tisa Jumatano tarehe 8 Oktoba. Hakukosa wiki hata moja. Hakuna lililokubaliwa.

Jumanne tarehe 14 Oktoba, saa nne na dakika kumi asubuhi, waya uliwaka kwenye meza ya pasi, upande wa ngazi za mbele. Dada aliwatoa wanawake thelathini na watano kwa ngazi hizo kabla moto haujazifunga. Saba walikuwa wamekimbilia mlango wa nyuma. Asingenisamehe nikisema "saba" na kunyamaza, kwa hiyo: washona vifungo wawili waliokuwa mtu na mama mkwe wake, mpiga pasi, mkata nyuzi aliyekuwa wiki ya pili kazini, mshona mifuko aliyeimba sauti ya tatu katika kwaya yetu, mkaguzi wa mishono, na mshona mikono aliyekuwa na mimba ya miezi mitano. Dada alirudi juu kuwafuata. Wazima moto walimkuta amelala mlangoni akiwa ameshika mguu wa chuma wa cherehani. Kufuli lilikuwa limebonyea, halikuvunjika.

Alilazwa siku ishirini na tatu, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, mapafu yakiwa yameungua. Akiwa huko, tarehe 20 Oktoba, mwenye kiwanda aliwaambia wachunguzi mambo mawili: kwamba hakuwahi kuarifiwa na mtu yeyote kuhusu kufuli, na kwamba ufunguo ulikuwa chini ya msimamizi wa ghorofa. Kwa maneno mengine, kwamba dada yetu aliwaua wenzake saba. Habari hiyo ilifika wodini kabla ya chai ya saa kumi. Mama wa mkata nyuzi alikuja, akasimama miguuni pa kitanda, akamtazama dada, akaondoka. Hakuna moshi uliomwumiza kama mtazamo ule.

Mimi nililaani. Yeye alivuta pumzi kwa mrija na kusema, "Mimi nimemsamehe. Wewe je?"

"Bado."

"Usichelewe."

"Nitachelewa, dada."

Alicheka, ikamgharimu nusu saa ya kukohoa. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Novemba, saa tisa alasiri, mumewe akiwa amemshika kiganja, wengi wa mji huu wakiamini ni yeye aliyefunga mlango.

Jumatatu iliyopita nilikwenda ofisi ya kanisa kutafuta tarehe ya ubatizo.

"Faili lake hili hapa," alisema katibu, akalivuta kutoka kabatini bila kulifungua. "Kila kitu chake kimo."

Nilifungua. Kila kitu chake kilikuwamo. Cheti cha ubatizo kilikuwa juu, na chini yake karatasi kumi na tisa kwa mwandiko wake, kila moja ikiwa na mhuri, tarehe, na sahihi ya mwenyekiti chini ya maneno "Nimesoma".

"Naomba nakala," nilisema.

"Ya ubatizo?"

"Ya kila chenye jina lake. Ni kwa ajili ya wasifu."

Katibu ni mtu wa utaratibu. Aliziingiza kwenye mashine moja moja, na alipomaliza akazigonga tena mhuri: Nakala Halisi. Sijui kama alielewa anachofanya. Sikumwuliza, nisije nikamzindua.

Ombi la tarehe 4 Juni linasema: "Bwana, ghorofa ya pili, mlango wa nyuma, kufuli la shaba. Ufunguo uko kwenye droo ya mwenye kiwanda, ya juu kulia. Mguse moyo. Moyo ukikataa, mguse mkono." Nimesoma, sahihi. La tarehe 20 Agosti: "Bwana, leo ni wiki ya kumi na mbili. Wewe huchoki kusikia. Anayetia sahihi ndiye anayechoka." Nimesoma, sahihi. La tarehe 8 Oktoba, siku sita kabla ya moto: "Bwana, waya wa meza ya pasi umeanza kunuka. Fanya haraka." Nimesoma, sahihi.

Baraza liliagiza wasifu huu uwasilishwe Jumatano ili upitiwe. Uliwasilishwa mwingine. Ulikuwa na aya mbili, haukumkosea mtu, na uligongwa mhuri. Huu mlio nao mikononi ulichapwa kwingine, na maombi yote kumi na tisa mtayakuta kuanzia ukurasa wa tano. Wachunguzi wanazo nakala zao tangu Alhamisi. Mama wa mkata nyuzi ana yake. Nilimpelekea mwenyewe, akaisoma akiwa amesimama, akakaa chini. Leo ni miongoni mwa waliobeba jeneza.

Mchungaji ametuasa asubuhi hii kwamba kisasi si chetu. Ninakubali. Sijaona popote, hata hivyo, panapokatazwa kumpelekea vielelezo Yule ambaye kisasi ni chake. Dada alisamehe, na msamaha wake ni mali yake, ameondoka nao. Hakuniachia urithi huo, nami sikuuomba.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, wajukuu wawili, mdogo wake, na washonaji thelathini na watano wanaoweza kupanda ngazi bila kusaidiwa. Ameacha pia mwajiri mmoja, mzima wa afya, aliyesimama safu ya pili nyuma ya shada lake kubwa kuliko yote. Jumatatu tarehe 17, saa tatu asubuhi, chumba namba nne, mbele ya wachunguzi, ataulizwa kama sahihi hii ni yake.

Dada, wewe pumzika. Amani yako tutaifuata Jumatatu.