Goti la Binti wa Fundi Cherehani

Mvua ilinyesha polepole, vioo vya basi vikafanya ukungu, nami nikajifanya nimelala; umbea hauhitaji macho. Mbele yangu fundi cherehani alikuwa akimsimulia mzee asiyemjua, kocha mstaafu, habari za bintiye wa miaka kumi na minne aliyekatika kano ya goti uwanjani.

"Usingizini bado anapiga mpira, mzee wangu. Kila asubuhi naokota shuka sakafuni."

"Akipona, mruhusu arudi, mama. Asiharakishwe tu. Mimi nilichomwa sindano ya ganzi nikacheza fainali. Goti hili halikunjiki tena."

"Na ulipokuwa kocha, hukumchoma mtoto wa mtu?"

Nilifumbua jicho moja: mzee alikuwa amegeukia dirishani, kana kwamba uwanja ulikuwa unapita huko nje.

"Mmoja," alisema.

Basi likasimama. Fundi alikuwa amefika kwake, lakini hakuinuka.