Mstari Mwekundu Juu ya Jiko

Mheshimiwa Meya, waheshimiwa madiwani, ndugu wageni waalikwa, majirani zangu wa mtaa wa ufukweni, na wewe mama watoto uliyekaa safu ya tatu ukijifanya hunifahamu: habari za asubuhi.

Nimeombwa, kama afisa mipango miji, niseme machache kabla ya kugawa funguo za nyumba hizi mpya za huku juu. Mnajua mtu wa mipango akiahidi machache, wenye akili hutafuta kivuli. Nitajitahidi.

Mheshimiwa Meya amenisifu hapa hadi nikageuka nyuma kumtafuta anayesifiwa. Amesema nilichora mstari wa maeneo yatakayofikiwa na bahari bila kumpendelea mtu, hata nyumba yangu sikuikwepesha. Uadilifu gani, ndugu zangu? Nilifuata vipimo vya mwinuko wa ardhi, nikachora, nikaenda kunywa chai. Niliporudi ndipo nikaona nimejihamisha mwenyewe. Mstari ulikata katikati ya nyumba yangu: sebule ilipona, jiko likaangukia upande wa maji.

Mwanamume jasiri angemwambia mkewe jioni ile ile. Mimi nilisubiri mkutano wa hadhara. Nikaonyesha ramani ukutani pale ukumbini, nikaeleza kwa sauti nzito jinsi bahari inavyopanda na visima vyetu vilivyoanza kuingia chumvi, hadi mama mmoja akanyoosha mkono.

“Afisa,” akasema, maana siku hiyo sikuwa baba watoto, “hiyo rangi nyekundu iliyopita juu ya jiko langu ni nini?”

Nami, msomi wenu, nikajibu: “Swali zuri sana. Tutalijibu kwa maandishi.”

Mlicheka mpaka fundi umeme aliyekuwa akitengeneza taa ya ukumbi akashuka kwenye ngazi asije akaanguka. Tangu siku hiyo, nikipita mtaani na ramani zangu, kila mlango naambiwa jambo moja: “Mkeo akihama, na sisi tutahama.” Nimewashawishi wahandisi, nimewashawishi wafadhili, lakini mtu mmoja nyumbani kwangu amenishinda. Na majira ya mawimbi makubwa yanakaribia, na ndani ya nyumba zile wanalala watoto. Hapo sina utani.

Leo asubuhi, nikihangaika na tai, nilimuuliza tena kama atahama. Akasema, “Nijibu kwanza lile swali.”

Basi, mama watoto, nakujibu mbele ya hawa hawa walionicheka. Ile rangi ni maji. Yatafika jikoni kwako, na hakuna ukuta ninaoweza kukujengea ukayazuia. Nilijua. Nilishindwa kukwambia kwa sababu jiko lile nililijenga kwa mikono yangu, ndiyo maana mlango wake haufungiki hadi leo, na bado ulilisifu. Ninaogopa, mke wangu. Sitaki bahari ikukute pale ukipepea moto huku mimi nikitafuta maneno.

Ufunguo wa kwanza ni huu hapa mkononi mwangu. Jiko la huku sikulijenga mimi, kwa hiyo mlango wake unafungika.

Ndugu wageni waalikwa, nilikuwa na kurasa nyingine kuhusu mifereji ya mvua. Naziacha, na nawashukuru kwa kunivumilia, maana naona safu ya tatu kuna mtu amesimama, na majirani zake wanainuka naye.