Biri ya Mzee Bado

Benchi letu ni taruma la reli lililolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya duka la Abdulrasul, kwenye njia iendayo stesheni. Mimi ndiye muuza kahawa, na kwa hiyo upuuzi wote uliosemwa Tabora tangu bendera ipandishwe umepita masikioni mwangu. Mwaka ninaousimulia ni ule wa unga wa njano. Mvua ilikataa, kashata zikakosekana kwa kukosa karanga na sukari, na malori ya Operesheni yalikuwa yakizoa watu mashambani kuwapeleka vijiji vipya. Kahawa yenyewe nilikuwa naichemsha mara mbili, na wateja wangu wakijua wakanyamaza. Mwisho wa benchi, upande wa mlango, palikuwa wazi. Hapo ndipo alipokuwa akikaa Mzee Nassibu, aliyewahi kuwa mshika bendera wa stesheni ya Kigwa, na tangu tumzike hakuna aliyethubutu kupakalia. Pengo lile liliniudhi, maana bado mkono wangu ulikuwa unakwenda wenyewe kumjazia kikombe.

Tulimwita Mzee Bado. Alikuwa na biri moja, ile sigara nene ya Wazungu iliyosokotwa kwa jani tupu bila karatasi, aliyopewa mwaka wa uhuru akaenda kuiweka nyumbani. Tulikuwa tukimtania: Mzee, Muungano huo, huvuti? Akasema bado. Likaja Azimio, watu wakaandamana mpaka soli za viatu zikaachia. Bado. Alilisema taratibu, akiangalia reli, na sisi tukicheka tukaendelea na mabishano yetu.

Asubuhi hiyo alikuja Selemani, ndugu wa kiume wa mjane wake, Bi Swaumu. Alikuwa ametoka Puge kumchukua dada yake, kwani eda imekwisha na nyumba ya kukaa peke yake mwanamke mzima ni mzigo. Alitoa shikamoo kwa wote, akakaa kwenye jiwe, si kwenye lile pengo, nikampenda kwa hilo. Kisha akafungua kitambaa cheupe. Biri ilikuwa ndani, nyeusi, imekauka, ndefu kuliko kiganja changu.

Akaeleza ujumbe wa dada yake. Marehemu alikuwa na nadhiri. Alisema siku fulani ikifika atachinja mbuzi majirani wale, halafu atakaa nje avute biri yake. Siku gani, mkewe hakujua. Shehe amemwambia kwamba kama siku hiyo ilishapita, nadhiri ni deni, mbuzi achinjwe. Kama haijafika, basi amtunze mbuzi wake angoje. Mbuzi amefungwa uani, na basi la Nzega linaondoka adhuhuri.

— Dada anasema nyinyi ndio mnaojua alikuwa akingoja nini, akamaliza Selemani. Nakwenda kufunga mizigo. Nikirudi mtaniambia. Na biri hii anawaachia. Siku hiyo ikifika, ivuteni nyinyi kwa ajili yake.

Tulimjibu wote kwa pamoja kwamba bila shaka tunajua, shemeji, wewe nenda. Akaenda akiwa na amani, masikini.

Alipokata kona, tukatazamana.

Wa kwanza kusema alikuwa Ambrosi, karani mstaafu wa reli, tuliyemwita Idhaa kwa sababu habari zote za dunia humfikia yeye kabla hazijatokea.

— Alikuwa akingoja uhuru kamili wa Afrika. Hilo halina mjadala.

— Alikuwa akingoja mvua, akasema Bundala.

Huyu Bundala ni mtu wa Sikonge. Alikuwa mkaguzi wa tumbaku, kazi yake kupanga majani kwa madaraja, na katika maisha yake hakuwahi kukipa kitu chochote daraja la kwanza, hata chakula cha harusi yake. Ndiyo maana tulimwita Daraja la Tatu.

— Mvua zilinyesha miaka mingapi hapo katikati? akauliza Abdulrasul. Alikuwa akingoja kwenda Makka. Mtu wa dini yule.

— Makka na biri wapi na wapi, bwana?

Wakabishana mpaka mkaa wangu ukashika jivu. Ndipo Idhaa akainua kidole.

— Tunazunguka bure. Tukijua biri ilitoka kwa nani, tutajua alimngoja nani. Na kuuliza si ujinga. Tuiulize biri yenyewe.

— Tuiulizeje?

— Tuionje. Pafu moja tu, la ukaguzi.

Nilisema haifai, ni amana ya watu. Idhaa akanijibu kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Sikuelewa methali ile imeingiaje hapo na sielewi mpaka leo, lakini kwenye benchi letu methali ikishatamkwa, hoja imekwisha.

Abdulrasul ndiye aliyepewa kuongoza, maana zamani duka lake liliwauzia Wazungu biri kutoka kwenye visanduku vya mbao. Sasa jengo lilikuwa limefanywa mali ya umma, yeye ni mpangaji katika chumba alichozaliwa, na rafuni pamebaki viberiti na nyembe. Mkewe Kherunisa alitaka wawafuate ndugu zake ng'ambo, yeye akawa kila siku anatafuta sababu ya kungoja. Aliishika biri kwa vidole viwili, akaiminya karibu na sikio.

— Biri nzuri hailii. Hii inalia. Imekauka mno.

Akainusa kichwani, akainusa ubavuni, akakata ncha kwa wembe mpya. Hakuichomeka motoni kama sigara. Aliizungusha juu ya kaa langu bila kuligusa, polepole, mpaka mdomo wa biri wote ukawa mwekundu. Akatueleza kwamba moshi wake haumezwi, unakaa kinywani kama kahawa ya moto, halafu unauachia. Akavuta, akafumba macho.

— Mbao, akasema mwisho. Kisanduku cha mbao. Na ngozi kidogo. Na nyumba iliyofungwa madirisha watu wakaondoka. Hii ni ya Kuba, daraja la juu kabisa, lazima alipewa na mkubwa wa serikali ya Waingereza. Alikuwa akingoja yule mkubwa arudi amwombe radhi.

— Nipe hapa, akasema Bundala.

Bundala hakuvuta mara moja. Alilikunjua jani la nje kwa ukucha, akalitazama juani, akatema mate, akavuta. Uso wake ukabadilika.

— Jani, daraja la tatu. Lakini moshi huu si wa Kuba. Hii imekaushwa kwa moto wa kuni, na kuni zenyewe ni za miombo yetu. Naujua moshi huu. Bani la baba yangu lilinuka hivi.

Tulikuwa tunajua kwamba bani lile, banda la kukaushia tumbaku, limebaki porini Sikonge. Jamaa zake wamepelekwa kijiji kipya barabarani na huko hakuna bani, kuna vigingi tu vilivyopigwa kwenye vumbi.

— Hii ilisokotwa hapahapa, akaendelea, sauti imeshuka. Mtu wetu aliisokota. Nassibu alikuwa akingoja siku watu wetu warudishwe kwenye mashamba yao.

— Sema polepole, nikamwambia, maana barabarani watu hupita.

Pafu la tatu likawa la Idhaa. Alivuta kupita kiasi, akakohoa, machozi yakamtoka, akasema ni makaa ya mawe. Garimoshi. Aliapa kwamba ndani ya biri ile kuna moshi wa injini za zamani, zile alizoziandikia safari ujana wake wote kabla hawajampa mkono wa buriani na saa ya mezani. Kwa hiyo biri ilitolewa dirishani mwa behewa. Na walioitoa ni wale wageni wenye ndevu, watu wa Kuba, waliopita kwa siri kwenda Kigoma. Kwamba wale walipita miaka kadhaa baada ya uhuru halikumsumbua.

— Kuba walichukua mbao zetu za mninga kwa meli, wakakaushia tumbaku yao, ndiyo maana Bundala ananusa miombo, akasema. Kisha wakaileta biri. Nassibu alikuwa mtu wao. Alikuwa akingoja ishara.

— Ishara ya nini?

— Ningejua ningekuwa hapa nakunywa kahawa ya kurudia?

Abdulrasul alitaka pafu la kuthibitisha mbao. Bundala akataka la kuthibitisha miombo, akasema haraka haraka haina baraka, ukaguzi wa kweli hauna pafu moja. Idhaa akadai haki yake. Hata mimi nilipewa, nikavuta. Sitasema nilinusa nini. Nilijikuta tu na njaa, njaa ya jioni, nikamkumbuka Mzee Bado akininawisha mikono mlangoni kwake mwezi wa Ramadhani, nikairudisha haraka. Majivu yalikuwa yanaanguka kwenye taruma, meupe, na hakuna aliyeyatazama. Nilipoangalia tena, biri ilikuwa imebaki pingili ya kidole.

Selemani aliturudia hapo. Aliona moshi kwanza.

— Kwa hiyo siku yenyewe ilishafika, akasema, na uso wake ukafunguka. Alhamdulillahi. Basi mbuzi achinjwe, nikimbie kumwambia dada.

Abdulrasul alimshika mkono. Akamweleza, kwa aibu, habari za ukaguzi, za mbao na miombo na garimoshi. Selemani alisikiliza mpaka mwisho. Akakiinua kile kitambaa cheupe, akakinusa.

— Hii ni harufu ya jiko la dada yangu, akasema. Wadudu walitaka kuila mwaka ule wa kwanza. Dada akaipandisha kichanjani juu ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu, kama mama alivyotufundisha kwetu Puge. Miaka yote ilikuwa juu ya moshi wa chakula cha mumewe. Kila akipika futari, inafukizwa. Mlichovuta ni hicho.

Tukawa kama tumemwagiwa maji. Wote watatu walikuwa wamekula katika nyumba ile, mwaka hadi mwaka, na hakuna hata mmoja aliyeutambua moshi wake.

— Basi tumwambie nini? akauliza Bundala.

— Si nyinyi mliosema mnajua?

— Tulisema tunajua kwa kuwa tulikuwa rafiki zake, akajibu Idhaa. Kwani nani alimwambia dada yako kwamba sisi tunajua?

— Marehemu mwenyewe. Usiku ule wa mwisho dada alimwuliza, hii siku unayoingoja ni ipi? Akamwambia, wenzangu wa kijiweni nimeshawaeleza, wao watakuambia.

Selemani akatutazama mmoja mmoja, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

— Aliwaeleza nini?

Kule stesheni mtu aligonga chuma. Abdulrasul alikuwa anatazama vidole vyake vilivyopata weusi wa biri. Bundala ndiye aliyefungua kinywa.

— Kuna siku alianza. Ile siku ya mabishano ya punda na treni. Alisema, mimi jamani ile biri yangu, naingoja siku ambayo... Halafu wewe Idhaa ukamkata.

— Mimi? Wewe ndiye uliyekuwa unapiga kelele za punda.

— Nilikuwa nakujibu wewe.

— Abdulrasul ndiye aliyecheka, mzee akanyamaza.

— Nilimcheka punda, bwana. Sikumcheka yeye.

— Tena alianza mara ya pili, siku nyingine, akasema Bundala, na Idhaa ukamkata tena.

Waliendelea hivyo, kila mmoja akimsukumia mwenzake, sauti zikapanda kama kawaida yetu. Selemani alingoja kidogo kama kuna neno litakalotoka humo. Halikutoka. Akakitwaa kile kipande cha biri kutoka mkononi mwa Idhaa, akakizima kwa upole kwenye jiwe, akakifunga katika kitambaa, akatuaga kwa heshima zote. Nilimwuliza mbuzi itakuwaje. Akasema watakwenda naye. Dada atangoja, ingawa hajui anangoja nini.

Adhuhuri basi la Nzega likapita mbele yetu, vumbi jekundu. Mbuzi alikuwa juu, kwenye mizigo, amefungwa miguu. Bi Swaumu alikaa dirishani, ushungi umemkaa vizuri, akageuza uso kutuangalia. Alikuwa anatuangalia kama mtu anayesubiri kuitwa. Bundala akainua mkono, halafu akaushusha.

Idhaa akasogeza kikombe chake. Niliinamisha birika, yakatoka mashapo. Nikawaambia kahawa imekwisha, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe, hakuna aliyebisha.